Watu wa Chuma wa Papa Leonardi

Vijana wa ateliye, karakana yetu, mara nyingi mmeniomba niandike habari za kazi kabla sijasahau, na mara nyingi nimewajibu kwamba wanaosahau ni ninyi, maana spana zangu nazikuta zimelala kwenye mvua. Sasa nimestaafu, nimepata pansiyo. Mikono haina kazi, na mke wangu amechoka kunikuta nimefungua saa ya ukutani eti nione kama inataka mafuta. Basi nimekaa kuandika. Habari za vyeo hamtazikuta humu. Kila mzee anazo, na zote zinafanana. Nitaandika juu ya mashine, na juu ya mtu aliyenifundisha mashine, na juu ya mji mmoja ambao haukuwahi kusimama mahali popote ila mdomoni mwake.

Mimi ni mtoto wa Kibabi, huko Masisi. Kwetu mtu hukua na jembe, maharagwe, baridi ya asubuhi na misa ya Jumapili. Wakati wa vita ya wazungu nilikuwa kijana, na kampuni moja ya madini ilikuwa inatafuta watu wa kazi katika msitu wa Walikale, ng'ambo ya Pinga. Jiwe lile jeusi, zito kuliko ukubwa wake, lilitakiwa sana na vita. Petroli ilikuwa adimu, kwa hiyo lori lililotubeba lilikula makaa: mgongoni lilikuwa na pipa la moto, na moshi wa pipa ndio ulioendesha injini, Mungu akipenda. Kwenye kila mlima Mungu hakupenda, tukashuka tukasukuma. Kwa hiyo naweza kusema nilifika kazini nikiwa nimeisukuma kazi yenyewe.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; mimi sikupata hata hizo mbili. Asubuhi ya kwanza walinipeleka kwa Papa Leonardi, mkubwa wa mafundi wetu. Alikuwa mtu wa hukohuko Walikale, mfupi, bega la kushoto limeshuka kwa kuvunjika zamani, na mdomo wake ulikuwa hautulii. Alinipa kitambaa na mkebe wa mazuti, mafuta ya dizeli.

"Kosha masini," akaniambia.

"Yote, Papa?"

"Mama anajua mutoto yake juu ya kumukosha. Wewe unataka kuijua masini kwa kuiangalia?"

Nilikosha kompresere siku nzima, mashine ya kushindilia hewa ambayo ndiyo iliyolisha vyuma vyote vya kambi. Chini ya grisi nilikuta nati iliyolegea na ufa mwembamba kwenye mguu mmoja. Jioni alikuja, akauliza tu inaumwa wapi. Nikamwonyesha. Hakunisifu, lakini kesho yake alinipa spana yangu, na spana wakati ule haikutolewa kwa mtu yeyote tu. Hadi leo kijana anayenijia na kitabu kabla ya kitambaa namrudisha nje.

Vipuri havikuwepo. Meli zilizovileta zilikuwa na mambo mengine ya kufanya, kama kuzama. Tulikata vifuniko vya pampu kwenye viatu vilivyokufa na kwenye ngozi ya ng'ombe, tukavilaza katika mawese mpaka vilainike. Aliyejua kazi hiyo kuliko wote alikuwa Zakariya, mtu mrefu, mpole, wa familia ya wawindaji wa karibu na Pinga. Yeye alishika kompresere, lakini ngozi za pampu alikuwa anazikata na kuziweka mwenyewe, macho amefumba, kwa vidole tu, maana sanduku la vifuniko lilikuwa nyuma ya pampu, likitazama ukuta, na hakuna jicho lililoweza kufika. Alikwenda kanisani kila Jumapili, na siku nyingine sita aliheshimu kila kitu ambacho babu zake waliheshimu. Pampu yenyewe ilikuwa mikononi mwa Aloisi, mtu wa Kashuga, mcheshi, mvivu wa kupanda ngazi. Pampu ilikaa chini kabisa ya shimo, ikivuta maji ili watu wachimbe, na ilikula hewa iliyotoka kwa kompresere ya Zakariya kwa njia ya bomba refu.

Sasa niseme habari ya Elizabeti, mke wa Papa Leonardi. Mimi nilimkuta hai. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kulalamika, na malalamiko yake yalipendwa kambi nzima. Ukimsalimu hujambo, alijibu, "Niko, ila hakuna mwenye kuniona." Hawakuwa na mtoto. Mwaka wangu wa pili Leonardi alitumwa kutengeneza motere, injini ya kampuni, mbali, safari ya miguu ndani ya msitu, na huku nyuma homa ikamshika Elizabeti, ikamwua. Joto la kule halimngojei mtu. Leonardi aliporudi alikuta udongo umekwisha pigwa.

Kwao mume ndiye anayefungua kilio. Yeye analia kwanza, wengine wanampokea, na hapo ndipo matanga yanakuwa matanga. Wanawake walimsubiri mlangoni, mikono vichwani. Leonardi akavua kofia mbele ya kaburi, akasimama kidogo, akaingia ndani. Asubuhi alikuja ateliye akauliza nani amemaliza grisi. Wanawake walisubiri siku ile, na nyingine, kisha wakarudi kwao. Mama Furaha, jirani aliyemwosha marehemu, alisema kilio kile kimebaki kinaning'inia, na hakuna mtu mwingine anayeweza kukishusha.

Mji wa Chuma ulianza baada ya hapo, saa ya chakula cha mchana. Tulikuwa tunakaa chini ya bati la ateliye, bugali na sombe ya majani ya mihogo katikati, na Aloisi akasema chakula bila hadithi hakishuki. Zakariya akaacha kutafuna.

"Hadisi ya muchana iko mwiko. Mama yako anaweza kufa."

"Mwiko ya hadisi gani?" Leonardi akauliza.

"Ya bantu. Ya nyama ya pori. Ya mizimu."

"Na ya pampu?"

Zakariya alifikiri muda mrefu, maana alikuwa mtu wa haki. "Pampu, bakubwa hawakuisema," akakubali.

"Basi mukae vizuri," akasema Leonardi.

Akaanza. Zamani, alisema, katika Mji wa Chuma kila mmoja alifanya kazi yake tu. Hakukuwa na salamu wala ugomvi, wala mtu wa kumwonea mwenzake wivu. Siku moja Motere alichoka. Badala ya kusema amechoka, alisema, "Mimi niko nafikiri." Ulikuwa uongo wa kwanza, na wote waliusikia, na wote waliona ni mzuri. Konkasere, yule mwenye meno ya kusagia mawe, akasema naye anafikiri. Ndipo ikabidi awepo mtu wa kuamua nani anafikiri kweli na nani ni mvivu, na Motere, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kudanganya, akafanywa chifu. Tulicheka mpaka Bwana Meneja akatoka nje kutuangalia.

Kila mchana mji uliongezeka. Kompresere alikuwa kijana wa majivuno, tumbo limejaa upepo, na debe tupu haliachi kuvuma. Manometa, ile saa ndogo inayoonyesha nguvu ya hewa, alikuwa shahidi wa mahakama, na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, ukimpa tone la mafuta alisema, "Kila kitu iko muzuri." Vijana, chekeni mnavyotaka, lakini tangu hadithi ile hakuna mtu wa ateliye yetu aliyeamini manometa kabla ya kuweka kiganja chake kwenye chuma. Gari la makaa lilikuwa mgeni mwenye kikohozi ambaye kila familia ilimnyima binti. Walikuwa na kesi, na wajumbe wa kesi, na wale wasiohusika ambao ndio waliosema zaidi.

Siku moja nilimwuliza Leonardi kwa nini asitunge mji mzuri kuliko wetu, maana chuma hakina njaa wala magonjwa. Alikuwa anapangusa spana moja moja kama kawaida yake.

"Muji ya bantu wazuri hauna kesi," akanijibu. "Na kama hauna kesi, wataongea nini? Watakaa kimya, kila mutu na kazi yake. Ile njo masini, Simeoni. Mimi natafuta bantu."

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi. Watu wale wa chuma walipata kwanza kasoro zetu, na upole wakaupata baadaye sana, tena kwa shida, wakati mmoja alipoona mwenzake anadanganya kwa sababu ya kuchoka na akanyamaza asimwumbue. Sijui kama sisi tulianza kwa njia nyingine.

Halafu akaja Mama Pampu. Leonardi alivuta kitambaa cha grisi begani, akakunja midomo, na ikatoka sauti ambayo kila mmoja aliijua. "Nyinyi munakula mafuta. Mimi nakunywa matope ya dunia muzima, na hakuna mwenye kuniona." Hakuna aliyecheka mwanzoni. Yeye akaendelea, akamgombeza Kompresere kwa kupiga kelele, akamgombeza Motere kwa kula mbele ya wageni, na mwisho akajigombeza yeye mwenyewe, Leonardi, kwa kukaa na watu wachafu. Hapo tukacheka, na yeye akacheka kuliko sisi, akajifuta macho.

Jioni ile tulirudi pamoja. Nikamwambia Mama Pampu anaongea vizuri. Hakujifanya hajaelewa.

"Ku nyumba iko kimya," akasema. "Pale angalau ananitukana."

Kwa hiyo tulijua, sote. Kila saa sita, kipande cha reli kilipogongwa, Leonardi alikwenda kumsikiliza mke wake. Hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kukosa.

Ndoa ilitungwa wakati vita imekwisha, vipuri vimeanza kufika, na sisi tumekuwa watu wa kujiamini. Kompresere alimposa binti wa Mama Pampu, pampu ndogo ya mkono iliyokuwa bohari. Mahari ilijadiliwa mchana baada ya mchana. Sisi wa Masisi tulisema hivi ndivyo inavyofanywa, watu wa Walikale wakasema mila hiyo ni ya watu wenye ng'ombe wengi na adabu kidogo. Aloisi alikaa upande wa bibi harusi, Zakariya upande wa bwana harusi, kila mmoja akisemea mashine yake. Mama Pampu alikataa kila kitu kwa sauti ile ile. Mwishowe akakubali mbuzi, na Aloisi, kwa tamaa ya nyama, akasema mbuzi wa mdomo haliwi.

Kosa letu lilikuwa hapo. Tulileta mbuzi wa kweli. Jumapili baada ya ibada tulimchinja, tukagawa mguu kwa upande wa mume na kifua kwa upande wa mke, na wazee wa kambi wakaja wakala, wakasema maneno yanayosemwa. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kwa watu wa kule, neno likisemwa ni neno, lakini neno lililoliwa pamoja na mbuzi mbele ya wazee ni ndoa, na aliyemsemea bwana harusi ndiye mkwe.

Mwanzoni tulicheka. Zakariya akipita njia ya shimo, Aloisi alijifunika gunia usoni kama mama mkwe anayemkwepa mkwe wake. Kisha tukaona Zakariya hachezi. Alianza kupita njia ndefu. Ngozi za vifuniko alizikata kama zamani, lakini aliziacha juu ya jiwe ili Aloisi azichukue, na Aloisi akaziweka vibaya, na pampu ikawa inakohoa. Leonardi alipomwomba ashuke aifungue, Zakariya aliangalia pembeni.

"Kuifungua njo kumuvua nguo. Mama mukwe, Papa. Siwezi kuona mwili yake."

"Zakariya, ilikuwa hadisi. Mimi njo niliitunga. Nitatunga ingine, ndoa ivunjike."

"Mbuzi ilikwisha liwa," akasema Zakariya. "Utamurudisha namna gani?"

Msimcheke. Mkewe alikuwa na mimba, na kabla ya mimba hiyo walikuwa wamezika watoto. Kwao mtu akivunja heshima ya mama mkwe, laana haimpati yeye, inampata mtoto. Mtu aliyewahi kushika jeneza fupi namna ile haendi kujaribu kama mila ni kweli au si kweli. Bwana Meneja aliniuliza kwa nini fundi wake bora hakaribii pampu. Nikamwambia ana mgongo mbaya. Ningemweleza nini kingine?

Ikaja mvua. Ilinyesha usiku kucha, na asubuhi maji yalikuwa yanapanda shimoni na pampu inakohoa kuliko siku zote. Wachimbaji walitoka. Aloisi akashuka kuiangalia, na ukuta wa upande wa mto ukateleza. Haukumfukia, lakini uliangusha nguzo ya mti, na nguzo ikambana paja dhidi ya mguu wa pampu. Pampu ikanyamaza.

Nilishuka na kriki, jeki yetu ya kuinulia mizigo. Maji yalikuwa yamefika kiunoni mwa Aloisi, naye alikuwa amekaa. Nikaweka kriki chini ya nguzo, nikazungusha, na badala ya nguzo kupanda, kriki ilizama katika tope. Mwamba ulikuwa chini zaidi, ila huwezi kutafuta mwamba usiouona huku tope linamiminika. Ilibidi maji yapungue kwanza. Nikaingiza mkono nyuma ya pampu, kwenye sanduku la vifuniko, nikatafuta nati kwa vidole. Nilikuwa fundi tayari, lakini sanduku lile sikuwahi kulifungua. Lilikuwa la Zakariya. Nilipapasa mpaka vidole vikafa ganzi, na Aloisi akaniambia kwa sauti ndogo, "Simeoni, maji iko ku kifua."

Nikatazama juu. Zakariya alikuwa amesimama ukingoni, ngozi mpya mkononi, spana mkononi. Alikuwa amekuja mbio. Miguu yake ndiyo iliyokataa.

"Zakariya," Aloisi akaita, "mimi haiko mama mukwe yako. Mimi ni Aloisi wa Kashuga, unanijua."

"Ningekuwa peke yangu ningekwisha shuka," Zakariya akajibu, na alikuwa analia. "Niko na mutoto mu tumbo ya bibi yangu. Munisamehe."

Leonardi alikuwa karibu naye. Kwa bega lile asingeweza kushuka ngazi, na hata angeshuka, asingeweza kufika nyuma ya sanduku. Nilimwona anamtazama Zakariya, kisha anaitazama pampu, muda mrefu kiasi kwamba nilitaka kumtukana. Sasa najua alikuwa anaaga. Mkwe anamwepuka mama mkwe aliye hai. Akifa, kwao, heshima hiyo inakwisha siku ile ile: mkwe ndiye wa kwanza kushika jembe, ndiye anayembeba mwili kwa mikono yake, na asiyefanya hivyo ndiye anayelaaniwa. Lakini kifo hakitangazwi kwa kusema tu. Lazima mume alie.

Akakaa chini katika tope. Akavua kofia, akachota udongo akajipaka kichwani. Mimi nilitegemea atasema Mama Pampu amekufa.

"Elizabeti amekufa," akasema. Alisema polepole, kama mtu anayesoma. Kisha akafungua mdomo na sauti ikatoka ambayo sijaisikia tena kwa mwanaume. "Elizabeti wangu amekufa, na mimi sikuwako. Bantu, munisaidie, Elizabeti amekufa."

Zakariya alitupa kofia yake. Alishuka ngazi akilia kwa sauti, akaingia katika maji mpaka mabegani, akaikumbatia pampu kwa mikono miwili kama unavyokumbatia mwili unaotaka kuuinua. Uso wake uligusa chuma. Vidole vilikwenda nyuma, na nikasikia nati ya kwanza inalegea. Alitoa changarawe konzi kwa konzi. Alitoa ngozi iliyochanika, akaweka mpya, akafunga, yote macho amefumba na mdomo unaomboleza. Maji yalikuwa kwenye kidevu cha Aloisi, nami nimemshika kichwa kikae juu.

"Hewa!" Zakariya akapaza.

Juu wakafungua hewa. Pampu ilipiga teke, ikanyamaza, ikapiga tena, ikaanza kunywa. Maji yaliposhuka nilikuta mwamba, nikaweka kriki, nguzo ikapanda, tukamvuta Aloisi. Alichechemea maisha yake yote, na maisha yake yote alisingizia mguu ule kila alipoambiwa apande ngazi. Hakuna mtu aliyesema Mama Pampu amefufuka. Ilikuwa pampu inavuta maji.

Tulipofika juu Leonardi alikuwa bado analia, na wanawake wa kambi walikuwa wamekuja. Walisikia kilio wakaacha moto na mihogo. Mama Furaha alikaa kando yake kwenye tope na kanga yake safi, akaweka mkono kwenye lile bega lililoshuka.

"Tulikuwa tunakungoya, Papa," akamwambia. "Myaka yote ile."

Kisha wakampokea, wote pamoja. Bwana Meneja akaja na koti lake la mvua, akamwona Aloisi amelala salama, akawaona watu wanalia, akaniuliza nani amekufa.

"Mke wa Papa Leonardi," nikamwambia.

"Lini?"

"Leo," nikajibu.

Alinitazama, akavua kofia, akaondoka. Sijui alielewa nini, ila siku za matanga hakuna aliyemwita Leonardi kazini.

Mvua zilipokatika mtoto wa Zakariya alizaliwa, mzima, mwenye sauti ya kutosha. Saa ya mchana tuliendelea kula chini ya bati, lakini tulikula kimya. Mtu akifa katika hadithi huwezi kumwita kesho kana kwamba alikwenda sokoni, na Mji wa Chuma bila yeye hakuna aliyejua kuuingia. Leonardi alikula haraka, akarudi kupangusa spana. Nilimwonea huruma, na nasema wazi kwamba nilijionea huruma pia, maana nilikuwa nimezoea kucheka. Nilidhani mambo yamekwisha hivyo.

Kisha mchana mmoja Zakariya, ambaye hakuwahi kusimulia hata njia ya kwao, akaweka tonge chini.

"Kule ku Muji ya Chuma," akasema, macho kwenye sahani, "walipotoka kumuzika mama mukwe, Kompresere akarudi ku nyumba. Bamama wale walimukosha marehemu wakamuita. Wakamwambia, aliacha neno."

Leonardi alikuwa amekwisha simama, kitambaa mkononi. Yeye aliyetunga kila neno la mji ule, aliyejua kila mmoja atajibu nini kabla hajaulizwa, akakaa tena polepole.

"Neno gani?" akauliza.

"Alisema, mumwambie ule mwenye kutembea na mafuta ku mikono, asilale na njaa. Chakula yake iko chini ya kifuniko."

Sikumwuliza Zakariya kama neno lile alilipata kwa Mama Furaha au alilitunga mwenyewe. Leonardi naye hakuuliza. Alinawa mikono, akavuta sahani karibu, akala.